Bunduki ya Mgeni na Sheria ya Mwenyeji

Siku chache zilizopita mzee mmoja wa hapa Makangale alitujia shuleni wakati wa jioni, watoto wamekwisha kwenda zao. Mkononi alikuwa na simu ya mjukuu wake, na ndani yake mna barua ya mwanawe aliye Marekani. Akatuomba tumsomee, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Tukasoma salamu, tukasoma habari za baridi na za kazi, kisha tukafika mahali kijana alipoandika kwamba katika mji ule bunduki huuzwa dukani mchana kweupe, na jirani zake wengi wanazo. Rafiki yake mmoja alikuwa tayari kumwuzia yake kwa bei ndogo, mkono kwa mkono, naye alikuwa akiwaza kuinunua aiweke nyumbani kwa ajili ya wezi.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, je, hilo ni halali kwake? Yeye si mtu wa huko."

Tukamwuliza, "Mzee wetu, amekaa huko kwa karatasi ya namna gani?"

Akajibu, "Karatasi siijui. Najua yuko Marekani tu."

Hatukumjibu upesi. Tulimwomba siku mbili, tupate kutafuta na kufikiri vema, maana jibu la haraka katika jambo kama hili laweza kumharibia mtu maisha. Na katika kutafuta kwetu tuliona kwamba swali la mzee si geni hata kidogo. Ni swali la kale sana katika pwani yetu hii, nalo ni hili: mgeni akiwa na silaha, yampasa afuate sheria ya nani? Ya nchi aliyotoka, au ya nchi aliyofikia? Wengi hudhani ya kuwa mambo ya sheria za bunduki ni ya miji mikubwa ya ng'ambo, wala hayatuhusu sisi tukaao kati ya msitu wa Ngezi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Sivyo. Damu ilimwagika katika maji ya Pemba kwa sababu swali hilo halikuwa na jibu. Basi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu jinsi mambo yalivyokwenda, kisha tutamrudia mzee wetu.

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Mkataba ule uliwapa Wamarekani ruhusa ya kuuza na kununua katika bandari za Sayyid bila kuwekewa bei na watu wa serikali. Lakini palikuwa na neno moja la kuzuia. Katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi zisiuzwe ila kwa Serikali peke yake. Katika bandari nyingine zote za Sayyid vitu hivyo viliweza kuuzwa bila kizuizi kwa yeyote atoaye bei kubwa. Kwa maandishi hayo Unguja ilifungwa, bali Pemba iliachwa wazi. Ni kana kwamba mwenye nyumba alifunga mlango wa chumba alalacho, akaacha milango ya uani. Na siku zile uani hapakuwa na utulivu: Mazrui wa Mombasa walikuwa hawajamtii bado, na Pemba yenyewe ilikuwa imetoka mikononi mwao yapata miaka 10 tu. Mombasa haikuwa yake kabisa mpaka mwaka 1837.

Mkataba huo huo uliwaruhusu Wamarekani kuweka balozi wao, awe mwamuzi wa magomvi yao wenyewe kwa wenyewe. Balozi wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Waingereza wakapata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Tangu hapo mgeni wa mataifa yale alitembea katika nchi ya Sultani na sheria ya kwao, kama mtu atembeaye na mwavuli wake: kokote aendako, kivuli chake kiko juu yake. Wafanya biashara wengi wa Kihindi nao walihesabiwa kuwa raia wa Mwingereza. Mtu wa namna hiyo akifanya kosa, kesi yake haikwenda kwa kadhi wala kwa liwali, ilikwenda kwa balozi wake.

Sasa angalieni matokeo yake. Tangu mwaka 1866 na kuendelea, majeshi ya Ulaya yalianza kubadili silaha zao. Bunduki zijazwazo mdomoni zikaachwa, zikatengenezwa zile zijazwazo nyuma, ambazo mtu mmoja hupiga mara nyingi kabla mwenye gobore hajamaliza kushindilia baruti yake. Bunduki za zamani hazikutupwa. Zilifungwa katika makasha, zikaletwa kuuzwa Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Kiingereza katika Unguja, alikisia kwamba bunduki zinazoingia pwani hii zapata 80,000 hata 100,000 kwa mwaka mmoja. Ni nani waliozinunua? Walikuwa wenye misafara ya pembe, na wakuu wa bara waliotaka kujilinda au kuwashinda jirani zao, na pia wanyang'anyi wa watu. Palipopita bunduki nyingi, vijiji viliungua, na minyororo ya watumwa ikawa mirefu. Nao waliozileta walikuwa wageni, kila mmoja chini ya mwavuli wa bendera yake.

Kisa kimoja kilitokea hapa petu Pemba. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London alikuwa akizunguka kwa mashua ya moshi, akitafuta majahazi ya watumwa. Akaona jahazi linalopeperusha bendera ya Ufaransa. Kwa desturi ya siku zile Mwingereza hakuwa na ruhusa ya kulipekua jahazi la Kifaransa. Aliweza kutaka kuziona karatasi zake tu. Basi Kapteni alisogea kama mtu aendaye kupiga hodi, na watu wake hawakujiweka tayari kwa vita. Kumbe nahodha wa jahazi, Hindi bin Hattam, alikuwa na watumwa ndani, na watu wake walikuwa na bunduki tayari. Mashua ilipokaribia walipiga risasi, na Kapteni Brownrigg akauawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Baadaye Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa askari wa Sultani, alikuja Pemba na askari hao, wakapigana na Hindi wakamkamata, naye akafa kwa majeraha yake.

Tukiyafikiri mambo hayo twaona ya kuwa bunduki za jahazi lile hazikuwa na mwenye kuziuliza. Sultani hakuweza kuliuliza, kwa kuwa lilikuwa na bendera ya kigeni. Mwingereza hakuweza kulipekua, kwa kuwa bendera ile si yake. Mfaransa aliyeitoa bendera alikuwa mbali. Sheria zilikuwa nyingi baharini, kila moja na mlango wake, na mtu mwovu akapita katikati ya milango. Walioumia zaidi si mabaharia, ni wale waliofungwa ndani ya jahazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1888 vita vikazuka pwani ya bara, Abushiri bin Salim na wenziwe walipokataa utawala wa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Tangu tarehe 2 Desemba mwaka ule hata tarehe 1 Oktoba 1889, manowari za Waingereza na Wajerumani ziliifunga pwani ya bara, silaha zisiingie na watumwa wasitoke. Lakini kuifunga pwani kwa manowari ni kama kuuziba mtumbwi kwa kiganja: mkono ukichoka, maji huingia. Ikaonekana kwamba yafaa kuwa na sheria moja iliyokubaliwa na wote.

Sheria hiyo ilifanywa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tarehe 2 Julai 1890. Mataifa 17 yalikuwamo, na Unguja ilikuwa mojawapo. Kusudi kubwa la mkutano lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu moja ya mapatano yao ilihusu bunduki. Wakaikata Afrika kwa mistari miwili katika ramani, mmoja kaskazini kwenye digrii 20, mmoja kusini kwenye digrii 22, wakasema ya kwamba katikati ya mistari hiyo silaha zisiingizwe ila kwa ruhusa. Visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani vilihesabiwa pamoja na bara. Ndivyo Pemba, iliyoachwa wazi mwaka 1833, ilivyofungiwa mlango.

Yafaa tuzitazame kanuni zenyewe, maana zafanana sana na sheria za nchi nyingi hata leo. Kwanza, bunduki ikifika bandarini iwekwe katika bohari ya serikali, isitoke ila kwa idhini. Pili, apewe mtu mwenye kutoa dhamana kwamba hatampa mwingine, wala hatamwuzia. Tatu, msafiri atokaye nchi ya mbali alete cheti cha serikali yake, kisemacho kwamba silaha ni ya kujilinda nafsi yake tu. Nne, kila bunduki itiwe alama na kuandikwa katika daftari, na mwenye nayo apewe cheti chenye jina lake na alama ile. Tano, cheti kidumu miaka 5 tu, kiweze kutolewa upya, nacho kinyang'anywe ikionekana kwamba kimetumiwa vibaya. Hapo ndipo mgeni mwenye bunduki, wa taifa lo lote, alipoanza kuulizwa jina lake.

Habari za bendera nazo ziliangaliwa. Watu wa Sur katika Oman, ambao majahazi yao yalizoea kuja pwani yetu kwa pepo za kaskazi, wengi walikuwa wamepata bendera ya Ufaransa. Shauri hilo lilipelekwa mbele ya waamuzi wa mataifa huko The Hague, nao wakatoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Walisema kwamba waliopewa bendera na Ufaransa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waendelee nayo, lakini baada ya siku ile isitolewe ila kwa mtu aliye kweli chini ya ulinzi wa Ufaransa. Hata hivyo biashara ya bunduki katika Maskati haikukoma upesi, maana Wafaransa waliushikilia ule mkataba wao wa mwaka 1844. Mwaka 1912 Sultani wa Maskati aliweka bohari ya silaha, na mwaka 1914 jambo hilo likamalizwa kwa Ufaransa. Mkataba uliotiwa sahihi siku ya amani uliendelea kuleta silaha miaka 70 baadaye.

Lakini ikiwa twataka kuandika historia ya kweli, yatupasa tuseme na upande wa pili. Mapatano ya Brussels yaliacha mlango mmoja kwa biashara: gumegume, yaani bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hizo ziliweza kuuzwa kwa wenyeji mahali serikali ilipopenda. Bunduki njema zilibaki kwa askari wa serikali na kwa wale walioaminiwa, nao wengi wao walikuwa Wazungu. Na mwaka ule ule wa 1890 Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Basi mgeni aliyefika jana alipata bunduki mpya kwa cheti, naye mwenyeji aliyezaliwa hapa akaruhusiwa gumegume la babu yake, na hilo nalo kama likiruhusiwa. Sheria iliyoanza kwa kumzuia mgeni asiwe juu ya mwenyeji iliishia kumfanya mwenyeji kuwa mgeni katika nchi yake. Biashara ya watumwa ilikoma, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tusisahau ya kwamba sheria njema hupimwa pia kwa kuangalia ni nani ashikaye daftari.

Siku hizi daftari limo mikononi mwa wenyeji. Mwaka 2015 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, mahali pa ile ya mwaka 1991. Mgeni atokaye Ulaya kuja kuwinda Tanzania Bara hana budi kuomba kibali kwa bunduki aliyokuja nayo. Hakuna tena mwavuli wa balozi. Na jambo hilo ni haki.

Lakini kama ni haki mgeni aulizwe kwetu, ni haki pia sisi tuulizwe kwao. Hapa ndipo tulipomrudia mzee wetu, maana watoto wetu wengi sasa ndio wageni, katika nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani. Tutatoa mifano miwili.

Katika Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1968, mtu akitaka bunduki huomba cheti kwa polisi, naye huonyesha sababu njema, kama vile kuwinda au mchezo wa shabaha. Kusema "naogopa wezi" si sababu ikubaliwayo. Bastola karibu zote zilikatazwa mwaka 1997. Mgeni apitaye, kwa sheria ya mwaka 1988, hupata kibali kisichozidi miezi 12, wala haombi mwenyewe: mtu akaaye nchini humo ndiye amwombeaye. Msomaji atakumbuka desturi yetu wenyewe, kwamba mgeni akiingia kijijini hupelekwa kwa sheha na mwenyeji wake.

Katika Marekani mambo yaonekana kuwa rahisi, na urahisi huo ndio mtego. Bunduki huuzwa dukani, kweli. Lakini sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968, pamoja na nyongeza ya mwaka 1998, yamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mtalii au mfanyakazi wa muda, asiwe na bunduki wala risasi, ila katika nafasi chache zilizotajwa, kama vile mtu mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Aliye nchini bila idhini amekatazwa. Aliyepewa ukaaji wa kudumu, mwenye kadi waiitayo ya kijani, hakatazwi na sheria hiyo kwa ajili ya ugeni wake. Lakini kila jimbo lina sheria zake juu ya hiyo, naye yampasa azijue za jimbo alimo. Tena si kununua dukani tu kunakokatazwa. Kuinunua kwa rafiki ni kosa lile lile, na hata kumwekea rafiki bunduki yake chumbani kwaweza kuhesabiwa kuwa nayo. Mgeni akihukumiwa kwa kosa la bunduki aweza kufungwa, kisha akafukuzwa nchini. Hata mwenye ukaaji wa kudumu aweza kurudishwa kwao.

Siku ya pili mzee alikuja tena, safari hii na mjukuu wake. Tukamweleza yote haya, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha tukaandika pamoja swali moja tu kwa kijana: "Umekaa huko kwa karatasi gani?" Jibu likaja usiku ule ule. Yuko kwa viza ya masomo, na muda wake haujesha. Leseni ya kuwinda hana, wala hajawahi kuwinda hata ndege.

Mzee akamwambia mjukuu aandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwanangu, hiyo bunduki ya rafiki yako usiishike hata kwa kuitazama. Nunua kufuli."

Nasi twasema hivyo hivyo kwa wazazi wote wasomao ukurasa huu. Mkipokea habari za watoto walio mbali, msiulize tu kama wamekula na kama wana kazi. Waulizeni wanakaa kwa karatasi gani, na karatasi hiyo yawaruhusu nini na kuwakataza nini. Wala msidhani kwamba lile afanyalo jirani yao bila kuulizwa ni halali kwao pia. Jirani huyo ni mwenyeji. Sisi watu wa Pemba tuliwaona wageni waliokuja na silaha na sheria zao wenyewe, nasi tunajua iliyotupata. Basi tukiwa wageni sisi, tupige hodi, tungoje tukaribishwe, na silaha tuiache nje mpaka mwenye nyumba atakaposema neno lake.